Gari ya mnada wa intaneti: haki ya mnunuzi wa Goma inaanzia wapi, inaishia wapi

Mjini Goma, Land Cruiser ya mwaka 1988 haiko gari ya makumbusho. Ni gari ya kazi, ya njia ya Masisi wakati mvua imeharibu kila kitu. Lakini zile za mfululizo wa 60, zilizotengenezwa kati ya 1980 na 1990, bei yake imepanda, maana matajiri wa Marekani nao wanazitafuta: sheria yao inaruhusu gari iliyopita miaka 25 kuingia nchini bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya. Ndiyo sababu watu wengi wa hapa wanaishia kwenye simu, wakitafuta gari katika minada ya Japani. Picha ni nzuri, komisionere anasema "iko safi kabisa, tuma avansi leo", na makuta yanaenda.

Gari ikifika na moshi mweusi, mnunuzi anauliza: nimushitaki nani?

Wengi hawajui kwamba mnada wenyewe haukuwauzia kitu. Nyumba kubwa za mnada za Japani, kama USS, zinauzia wanachama wao tu, wafanyabiashara wa magari waliosajiliwa. Mtu wa Goma ananunua kupitia kwa ajenti aliye mwanachama, na mara nyingi kati yake na huyo ajenti kuna komisionere wa hapa. Mwanachama akidanganywa, anaweza kulalamika kwa nyumba ya mnada, lakini kwa makosa mengi muda wa kulalamika ni siku chache tu. Gari inapopakiwa melini, mlango huo umefungwa zamani.

Kwa hiyo ulinzi mkubwa uko kabla ya kulipa, katika karatasi moja: fishi ya mnada. Mkaguzi wa mnada anaipa gari alama. 4 au 4.5 ni gari nzuri, 3 imechoka, R au RA ni gari iliyogongwa ikatengenezwa. Hali ya ndani inapewa herufi, A ikiwa bora. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni alama ya matengenezo, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kwa gari ya miaka 35, hiyo S ndogo inastahili kuangaliwa kuliko rangi yote inayong'aa kwenye picha. Mnunuzi adai fishi ya asili ya Kijapani pamoja na tafsiri, aone kama namba ya shasi ni ileile. Komisionere anayekataa kuituma amekwisha kujibu.

Kisheria, gari ya mnada inauzwa kama ilivyo, na mkataba wa ajenti kwa kawaida unasema kesi itasikilizwa Japani. Kwa gari ya dola elfu chache, safari hiyo haina faida. Hata Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa, ambao ulianza kutumika Japani mwaka 2009, unaacha nje kwa maneno wazi mauzo ya mnada na vitu vinavyonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani.

Sheria ya Kongo, kwa upande wake, ina meno, ila kwa mtu anayepatikana hapa. Kitabu cha tatu cha Kodi ya sheria za kiraia, kilichotokana na amri ya 1888, kinamlazimisha muuzaji kujibu kwa kasoro zilizofichika. Mnunuzi anaweza kurudisha gari na kupewa bei yake, ama kubaki nayo na kurudishiwa sehemu. Kama muuzaji alijua kasoro, analipa pia hasara. Anaweza kuandika kwamba hatoi garanti yoyote, lakini maneno hayo hayamlindi kama alijua. Kasoro iliyoonekana wazi siku ya kununua haihesabiwi, na gari iliyouzwa kwa amri ya tribinali haina garanti hii.

Kama wote wawili ni wafanyabiashara, kwa mfano mwenye parking anayenunua ili auze tena, ni sheria ya OHADA, ambayo RDC iko ndani tangu Septemba 2012. Hapo kasoro inayoonekana inatakiwa kutangazwa ndani ya mwezi 1 baada ya kupokea, na iliyofichika ndani ya mwaka 1 tangu ilipogunduliwa.

Komisionere atajibu: "Miye sikuuza, nilikuwa naagiza tu." Hapo ndipo kesi nyingi zinakufia. Kama fakitire iko kwa jina lake, yeye ni muuzaji, na garanti inamhusu. Kama kuna karatasi ya kumtuma tu, analazimika kueleza kila dola aliyopokea. Na kama hakuna karatasi, ni neno lake na neno la mnunuzi. Akikula makuta aliyopewa kwa kununua gari, hiyo ni kuvunja uaminifu, kifungu cha 95 cha Kodi ya makosa ya jinai. Akitumia jina la uongo au hila ili apewe hayo makuta, ni utapeli, kifungu cha 98. Ujumbe wa WhatsApp usifutwe: Kodi ya numerike ya tarehe 13 Machi 2023 inakubali maandishi ya elektroniki kama ushahidi.

Tangu benki za Goma zifunge mwishoni mwa Januari 2025, makuta mengi yanapita mikononi mwa watu au ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Risiti yenye saini, namba ya shasi na jina la anayepokea imekuwa na thamani kuliko zamani.

Halafu kuna volani. Gari za Japani zina volani ya kuume, na RDC inaendesha upande wa kuume wa njia. Serikali ilitoa kanuni za kukataza volani hiyo na za kuweka mpaka wa umri wa gari za okazioni. Mashariki zinaonekana barabarani hata hivyo, lakini duane ikikatalia gari, ajenti wa Japani hana deni lolote. Swali hilo lipelekwe DGDA kabla ya avansi.

Bei iliyoandikwa "CIF Mombasa" inaishia Mombasa. Hatari yenyewe inahamia kwa mnunuzi tangu gari inapakiwa Japani. Asirani iliyo ndani ya bei hiyo inafika bandarini. Njia ya kutoka pale mpaka Goma ni juu yake. Siku ya kupokea, apige picha kabla ya kuwasha mota, alinganishe na fishi, na aandike kila pengo juu ya karatasi ya kupokea, redio iliyong'olewa na gurudumu la akiba vikiwemo, mbele ya dereva aliyeileta, na huyo dereva atie saini.