Rovu na Damu: Namna ya Kuvisoma Vipimo vya Tezi Dundumio

Ukubwa wa rovu haumwelezi mhudumu wa afya iwapo tezi dundumio inafanya kazi kupita kiasi, imelegea, au iko sawa. Mwenye uvimbe mkubwa shingoni aweza kuwa na homoni za kawaida kabisa, ilhali mwingine, ambaye shingo yake haina dalili yoyote, anakonda, moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka. Tofauti hiyo huonekana katika damu.

Kipimo cha kwanza ni TSH. Homoni hii haitengenezwi na tezi dundumio yenyewe, bali na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo ndiyo huiamuru tezi dundumio kufanya kazi. Homoni za tezi zikipungua, pituitari huongeza TSH, zikizidi, huipunguza. Ndiyo maana wagonjwa wengi hushangaa kuambiwa kwamba TSH yao imepanda na papo hapo kwamba tezi yao imelegea. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huchukua takriban 0.4 hadi 4.0 mIU/L kuwa kiwango cha kawaida. Pituitari ni nyepesi mno kuhisi, hivyo TSH huweza kubadilika huku T4 ingali ndani ya kiwango chake. Hali hiyo haihitaji dawa kila mara. Mara nyingi hupimwa tena kabla ya uamuzi.

TSH isipokuwa ya kawaida, hupimwa T4 huru, na ikiwa TSH iko chini, T3 pia, maana wako ambao T3 pekee ndiyo iliyopanda. Kisha hutafutwa chanzo. Kingamwili dhidi ya vipokezi vya TSH huelekeza kwenye ugonjwa wa Graves. Kingamwili dhidi ya kimeng'enya kiitwacho TPO huonekana kwa wagonjwa wengi wa Hashimoto, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto. Lakini hupatikana pia kwa baadhi ya watu wenye afya njema.

Hatari kubwa ni kuyasoma majibu bila kumwuliza mgonjwa anachotumia. Biotini, vitamini iliyomo katika vidonge vingi vya nywele na kucha, huvuruga vipimo vya baadhi ya mashine: TSH huonekana chini na T4 juu, sura ileile ya Graves, kwa mtu asiye na ugonjwa. Akianzishiwa dawa za kupunguza homoni, ataugua kwa kweli. Aache biotini angalau siku mbili, au zaidi ikiwa dozi ni kubwa, kisha apimwe upya. Miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito nayo hushusha TSH, na maradhi makali ya aina yoyote huweza kuvuruga vipimo hivi ilhali tezi ni nzima.

Wengine huomba kipimo cha thairoglobulini wakitumaini kujua kama uvimbe ni saratani. Hakifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa protini hiyo hupanda hata katika rovu lisilo na saratani. Uvimbe huchunguzwa kwa ultrasaundi na, inapobidi, kwa sindano nyembamba ya kuchukua seli.

Anayetumia levothairoksini hupimwa TSH wiki 6 hadi 8 baada ya dozi kuanzishwa au kubadilishwa. Akipimwa baada ya wiki moja, TSH huwa bado haijatulia, na dozi huweza kuongezwa bure.