Niliinua pikapu, nusura nitumbukie nayo bondeni Wanale

NILIKUWA katikati ya mteremko wa Wanale, nimebeba mikungu ya matoke na magunia mawili ya vitunguu, nilipokanyaga breki na gari likaendelea kwenda. Halikwenda kwa kasi. Lilikwenda polepole kama mtu anayeteleza kwenye sabuni, magurudumu ya mbele yamefunga, usukani nimeukata kulia na gari lenyewe linaelekea kushoto, upande ambao hakuna kitu ila hewa na mabati ya nyumba za Mbale yakimeta kwa mbali chini.

Tanboi wangu alikuwa juu ya mzigo. Najua, si mahali pa mtu kukaa, lakini ndivyo tunavyofanya kazi huku. Aliruka. Mimi niliinua mguu kwenye breki, magurudumu yakazunguka tena, usukani ukashika, nikaliingiza gari kwenye mtaro wa upande wa mlima. Hapo ndipo liliposimama.

"Mzee, hii gari imerogwa," kijana aliniambia huku akijipangusa tope.

Halikurogwa na mtu. Nililiharibu mwenyewe, tena kwa pesa zangu.

Wasioijua Wanale niwaeleze kidogo. Ni bega la Mlima Elgon linaloinuka kama ukuta juu ya mji wa Mbale. Mji uko kwenye mwinuko wa meta zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, na juu ya Wanale unavuka meta 2,000. Mvua ikinyesha, maporomoko ya maji huonekana kama nyuzi nyeupe ukiwa mjini. Huko juu kuna kahawa, ndizi na vitunguu, na vijia vinavyoingia vijijini ni vya udongo ambao ukilowa hauna rafiki.

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Pikapu yangu, Mitsubishi L200 ya mwaka 2003, iliingia maji hadi kwenye viti. Tangu siku ile nikawa na wazo moja tu kichwani: gari liwe juu zaidi.

Nilipokwenda Jinja kwa shughuli nyingine, nikalipeleka kwenye gereji niliyoelekezwa na rafiki. Vijana walimaliza kazi kwa nusu siku. Mbele walikaza boliti za torsheni, yaani zile fimbo ndefu za chuma zinazojinyonga badala ya springi. Ukikaza boliti, gari linapanda juu bila kununua kitu chochote. Nyuma waliweka vipande vya chuma vya inchi 2 kati ya ekseli na majani ya springi, wakafunga kwa yu-bolti ndefu. Wakanivalisha na matairi makubwa. Nilipotoka pale watu waligeuka kunitazama, na sitasema uongo, nilifurahi.

Furaha iliisha kabla sijafika Iganga. Usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Nikikata kona, haurudi wenyewe, lazima niurudishe kwa mkono. Kwenye barabara ya Tirinyi, kila lori lililonipita lilinisukuma pembeni, nikawa nashona barabara kama mlevi hadi daraja la Mpologoma. Kwenye kila shimo dogo mbele kuligonga ko! ko! kama nyundo.

Mjini Mbale nikafanya alaimenti. Haikusaidia. Baada ya wiki nikafanya tena, nikabadilisha na matairi ya mbele na nyuma. Pesa ikaenda, gari likabaki vilevile. Ndipo ikaja ile siku ya Wanale.

Fundi aliyeniokoa ni mzee wa Namakwekwe ambaye hana hata kibao nje. Nilimsalimia, nikaanza kumweleza kuwa breki zimekufa. Akanikatiza: "Mwanangu, usiniambie ugonjwa. Niambie gari linafanya nini."

Kwa nusu saa ya kwanza hakufungua nati hata moja. Alipima upepo wa matairi, kisha akachukua futi ya fundi cherehani, akapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Kulia mbele kulikuwa juu kuliko kushoto kwa sentimeta moja na nusu. Vijana wa Jinja walikaza boliti kwa macho.

Akaniambia nikae ndani, injini imezimwa, magurudumu yako chini, nichezeshe usukani kidogo kulia na kushoto. Yeye akalala chini ya gari, akashika kila kiungo kwa vidole kimoja baada ya kingine. Kiungo kizima husogea pamoja na mwenzake. Kilichokufa, upande mmoja husogea kwanza na wa pili hufuata kwa kuchelewa, na vidole husikia hata kama macho hayaoni. Alikuta viwili: tairodi ya kushoto, na ule mkono wa usukani ulio upande wa pili wa boksi.

"Hivi vilikuwa vimekwisha kabla hujaenda Jinja," alisema. "Ulipoinua gari vikaanza kuvutwa kwa pembe mbaya, ndiyo maana sasa unavisikia."

Kuhusu usukani kutorudi, alinionyesha baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Uma wa mbele wa baiskeli umelala kidogo kwa nyuma, ndiyo sababu mtu anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Gurudumu la gari nalo lina mlalo huo. Mimi nilikuwa nimeinua nyuma zaidi ya mbele, gari zima likainama kwa pua, na ule mlalo ukapungua. Alaimenti niliyolipia mara mbili ilinyoosha matairi yatazame mbele, basi. Mlalo haikuugusa.

Ile nyundo ya mbele nayo haikuwa shokapu, kama nilivyodhani. Torsheni zilikazwa mno hadi mikono ya magurudumu ikawa imelala juu ya mpira wa kikomo muda wote, hata gari likiwa limesimama. Gurudumu likiingia shimoni halina pa kushuka, kwa hiyo chuma kinagonga.

Halafu breki. Hapa ndipo nilipokaa chini. Nyuma ya pikapu nyingi kuna valvu iliyofungwa kwenye chesisi, na fimbo ndogo inayoiunganisha na ekseli. Ukipakia mzigo, bodi inashuka, fimbo inasukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, valvu inazipunguzia nguvu ili magurudumu ya nyuma yasifunge. Vile vipande vya inchi 2 viliifanya valvu yangu iamini kuwa gari ni tupu siku zote, hata nikiwa na matoke hadi juu. Pale Wanale breki za mbele zilikuwa zikifanya kazi karibu peke yake, zikafunga kwenye tope, na gurudumu lililofunga haligeuzi gari hata ukate usukani namna gani. Zaidi ya hayo, mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli ulikuwa umevutika kama kamba ya kuanikia nguo.

Kazi ilichukua siku mbili. Alibadilisha viungo viwili vya usukani. Akainua mbele kwa jeki ili torsheni zisiwe na uzito, akalegeza boliti hadi pakawa na nafasi juu ya ule mpira wa kikomo, pande zote mbili sawa. Vipande vya chuma vya nyuma alivitoa, akaongeza jani moja la springi kila upande, kwa kuwa mimi ni mtu wa mizigo. Akapima upya fimbo ya valvu, akabadilisha mpira wa breki kwa mrefu zaidi, akatoa hewa. Mwisho kabisa ndipo aliponituma alaimenti. Kuifanya kabla ya hapo, alisema, ni kupaka rangi ukuta unaoanguka.

Gari sasa liko juu kwa kama sentimeta tatu tu kuliko lilivyotoka kiwandani. Hakuna anayegeuka kulitazama. Bado kuna tik-tik mbele nikikata kona kali nikiwa nimeweka magurudumu yote manne. Mpira wa kiungo cha ekseli ulichanika wakati lilipoinuliwa sana, mchanga ukaingia, na kiungo hicho nakidunduliza.

Safari ya kwanza kurudi Wanale, tanboi alikataa kupanda juu ya mzigo. Alikaa pembeni yangu, mkono kwenye kitasa, mlango ameuachia kidogo. Tulipofika pale kwenye mtaro nilikanyaga breki kwa makusudi. Nyuma ikashika, gari likatulia. Kijana hakusema kitu, lakini mlango hakuufunga hadi tulipoona lami.