Ukiita Fundi Nyumbani, Wewe Ndiwe Tajiri

Ndugu wafanyakazi, katika mikutano yetu hapa Jinja tunazungumza sana juu ya tajiri. Tajiri kachelewesha mshahara, tajiri hataki kutia sahihi, tajiri kajificha nyuma ya kontrakta. Leo nataka kuzungumza juu ya tajiri mmoja ninayemfahamu vizuri, maana ni mimi mwenyewe.

Desemba 2018 nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo ili nibadilishe paa la nyumba yangu ya vyumba viwili kule Masese. Mabati ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, na mvua za tangu Septemba mpaka Novemba tulizimaliza kwa kutega mabeseni. Jirani akaniletea kontrakta. Mtu wa maneno matamu, ana daftari na futi ya kupimia. Alipima, akapiga hesabu, tukapatana shilingi 2,800,000, vifaa na kazi yote pamoja. Hatukuandika kitu. Akaniambia mabati yatapanda bei baada ya Krismasi, basi nikampa shilingi 2,200,000 mkononi, bila hata risiti. Mimi, ambaye nimewafundisha watu miaka mingi wasikubali kazi bila karatasi!

Walifanya kazi siku nne. Siku ya tano kontrakta hakutokea, na simu yake imezimwa. Upande mmoja wa nyumba una mabati mapya, upande wa pili tunatazama nyota. Na hayo mabati mapya, tuliyopatana yawe geji 28, yalikuwa geji 32. Katika mabati namba ikipanda unene unashuka. Wengi wetu hudhani ni kinyume, na wajanja wanalijua hilo.

Jumamosi jioni vijana watatu wakapiga hodi. Ni wale vibarua waliobeba mbao na kupandisha mabati. Hawakuwa wamelipwa hata senti. Mkubwa wao akasema, "Mzee, tumekuja kuomba jasho letu." Nikajibu upesi, "Si mimi niliyewaajiri. Mtafuteni kontrakta wenu." Kijana hakunitukana. Alisema tu kwamba aliwahi kunisikia nikihutubia langoni mwa kiwanda, nikiwalaumu matajiri kwa maneno hayo hayo.

Nilikosa la kusema. Ndivyo kampuni zinavyotufanyia: zinamleta kontrakta wa vibarua, yeye ndiye anayewaandika watu, na siku ya malipo kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole. Nami nilikuwa nimefanya vivyo hivyo uani kwangu. Nikakopa kwa shemeji yangu, nikawalipa shilingi 10,000 kila mmoja kwa kila siku, jumla shilingi 120,000. Mke wangu alinuna wiki nzima, na alikuwa na haki, maana hata yeye alinishauri niandike mapatano nikamwambia huyu ni mtu wa jirani.

Tangu hapo nimeita mafundi mara kadhaa, na kila mara naanza na karatasi. Sheria ya mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mapatano ya zaidi ya shilingi 500,000 yawe kwa maandishi. Wengi wetu hatujui hivyo. Si lazima uende kwa wakili. Andikeni kwa lugha mnayoielewa nyote wawili: kazi ni ipi, mabati ni geji gani, bei ni kiasi gani, italipwa kwa hatua zipi, na nani anawalipa vibarua. Mwenyekiti wa LC1 awe shahidi na apige mhuri. Ukitaka kuongeza dirisha katikati ya kazi, semeni bei yake kwanza kabla nyundo haijainuliwa, kisha liongezeni katika karatasi ile ile.

Vifaa nanunua mwenyewe, lakini fundi tunakwenda naye dukani, na siku hiyo namlipa kwa sababu ni siku ya kazi. Nasoma geji iliyopigwa chapa juu ya bati, nahesabu, nachukua risiti. Saruji naiweka juu ya mbao, kwani mfuko wa kilo 50 ukilazwa sakafuni hunyonya unyevu na kuganda.

Fedha za ufundi nazitoa kwa hatua: mbao zikisimama, mabati yakipigwa, kazi ikimalizika. Nazituma kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Vibarua nawalipa mwenyewe kila jioni, mbele ya fundi, na tunaandika. Sehemu moja ya kumi ya ufundi inangoja mvua kubwa ya kwanza. Hapo lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wanachama halitawapendeza. Wako wenzetu ambao paa likishika maji vizuri huanza kutafuta kasoro, mara rangi, mara msumari mmoja, ili ile sehemu ya mwisho wasiilipe kabisa. Huo ni wizi wa ujira. Fundi naye ana watoto shuleni, na hana chama cha kumsemea.

Ukiwa na karatasi na kontrakta akakukimbia, pa kwenda papo. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukishindwa hapo, kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama ya hakimu kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Mimi sikuwa na karatasi, kwa hiyo sikufika popote, na mkopo niliumaliza kwa kukatwa mshahara.

Paa lilimalizika Februari 2019, kabla ya mvua za Machi. Alilimaliza yule yule kijana mkubwa, pamoja na fundi seremala aliyemleta yeye. Waling'oa misumari ambayo kontrakta aliipiga kwenye mabonde ya bati, maji yanapopita, wakaziba matundu, wakapiga upya kila msumari mgongoni mwa bati. Mapatano yao ninayo bado, kurasa mbili za daftari la shule la binti yangu, na sahihi ya kijana iko chini ya yangu.