Njia ya Kufikia Ujaji (2): Shahada Mkononi, Kazi Ndiyo Kwanza Inaanza

Wiki iliyopita tulimwacha mhitimu wetu na shahada yake ya sheria, na mtaani wameshaanza kumwita "wakili". Wanamtania tu. Tangu Bunge lilipotunga sheria ya mwaka 2007 kuanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu huiita Law School, njia ya kawaida ya kuapishwa kuwa wakili Tanzania Bara inapitia hapo.

Na hapo ndipo wengi hukwama. Matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalizua gumzo nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakadisko. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kutafuta kiini cha tatizo. Wapo waliolaumu taasisi, wapo waliolaumu vyuo vikuu. Kwa maoni yangu, vyuo ndivyo vianze kujieleza, maana mtu anaweza kumaliza miaka yote ya shahada kwa kukariri "notsi" za mwalimu bila kusoma hukumu hata moja mwanzo hadi mwisho.

Chukua hati ya kiapo, karatasi ambayo wakili huiandaa karibu kila wiki. Muapaji aeleze anayoyajua mwenyewe. Alilolisikia kwa mwingine, ataje alilisikia kwa nani. Chini kabisa, anaposaini kamishna wa viapo, lazima paonekane mahali na tarehe ya kuapa. Maombi mengi yameondolewa mahakamani kwa sababu ya sehemu hiyo ndogo tu, mteja akabaki anashangaa amekosa nini. Mambo haya hayakaririki. Yanataka uandike, usahihishwe, uandike tena.

Tuseme amevuka. Ibara ya 109 ya Katiba inataka anayeteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu awe amekuwa na sifa maalumu, kama hakimu, wakili wa kujitegemea, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, kwa miaka isiyopungua 10 mfululizo. Rais anaweza kulilegeza sharti hilo la muda baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, lakini asiyejulikana kwa kazi yake asiutegemee mlango huo. Piga hesabu: aliyeapishwa akiwa na miaka 27 hafiki hapo kabla ya 37, na jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na 60. Aliyepoteza miaka mitano akirudia mitihani ameikata kwenye utumishi wake mwenyewe.

Wiki ijayo tutaitazama miaka hiyo 10: nani huifuatilia kazi ya hakimu au wakili, na jina lake hufikaje mezani kwa Tume.