Biashara ya Mtandao: Hesabu Inayowaacha Wengi Mikono Mitupu

Katika Jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, mwaliko wa kujiunga na "biashara ya mtandao" kwa kawaida huletwa na mtu wa karibu: shemeji, mwanakikundi wa kikoba au muumini mwenzako. Anayejiunga hulipa kiingilio au hununua kifurushi cha bidhaa, kisha hutakiwa kuwaingiza wengine chini yake.

Kuuza bidhaa kupitia mawakala si kosa. La kuuliza ni fedha wanazolipwa wanachama zinatoka wapi. Zikitoka kwa wateja wanaonunua sabuni kwa kuwa wanaihitaji, hiyo ni biashara. Zikitoka kwenye viingilio vya wanaojiunga, huo ni upatu unaokatazwa na kifungu cha 171A cha Kanuni ya Adhabu. (Neno hilo lisiwatie hofu kina mama wanaochangiana kwa zamu, katika mchezo wao kila mmoja hupokea kiasi alichochanga, na idadi yao haihitaji kuongezeka.)

Kasoro ya upatu imo kwenye hesabu. Tuseme mtu mmoja anaingiza watano, na kila mmoja wao anaingiza watano wengine. Ngazi ya tatu itakuwa na watu 125, ya tano 3,125 na ya nane 390,625. Ngazi ya tisa ikijaa, mradi utakuwa umekusanya zaidi ya watu 2,441,000, ilhali Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,356,255 katika Mkoa mzima wa Arusha, watoto wachanga wakiwemo. Popote mnyororo huo unapokatika, wanachama wanne kati ya kila watano wako ngazi ya mwisho, ambako hakuna aliyepata mtu wa kumwingiza.

Nchi imekwisha kuyaona haya. DECI, iliyowahimiza watu "kupanda mbegu" ili wavune, ilisimamishwa mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Waliotangulia walilipwa kweli, na malipo hayo ndiyo yaliyowavuta majirani.

Wahamasishaji hupenda kuonesha cheti cha BRELA. Cheti hicho huthibitisha tu kwamba kampuni imesajiliwa. Leseni ya kupokea amana hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania, yenye tawi jijini Arusha, na uwekezaji wa pamoja husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Mradi unapokufa, mwenye kampuni hajulikani alipo. Anayedaiwa ni shemeji aliyeleta mwaliko. Aliyekwisha kulipa atunze ujumbe wa miamala ya simu na atoe taarifa Polisi, hasa akitakiwa kuongeza fedha "ili akaunti yake ifunguliwe".