Kununua Saa si Kununua Kazi

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakazi wa Rwezamenyo jijini Kigali hutoka na majembe kwenda umuganda. Tangu saa 2 hadi saa 5 asubuhi wote huwa kazini. Lakini mvua ikinyesha, haijali watu walisimama mferejini kwa muda gani. Mfereji ama umezibuliwa, ama haukuzibuliwa.

Somo hilo lamfaa sana askari anayekaribia kustaafu na kuitia akiba yake katika biashara. Siku hizi biashara nyingi haziendi bila programu za kompyuta, na wahandisi wa programu hizo aghalabu hutoza ujira kwa saa.

Tuchukulie kwamba wastaafu 10 wameunda ushirika wa usafirishaji, nao wahitaji programu ya kuhesabu nauli. Mhandisi atoza faranga 10,000 kwa saa, na akadiria saa 100, yaani faranga 1,000,000. Kazi ikiwa katikati, mwanachama mmoja ataka hesabu ya mafuta iongezwe. Mwingine ataka malipo kwa simu. Saa zafika 260. Ankara yaja ya faranga 2,600,000, na mhandisi hakuiba hata faranga moja. Kosa ni la walioajiri bila kuweka mipaka.

Je, basi tuyakatae malipo ya saa? La. Bei ya mkupuo nayo ina hatari zake: mhandisi asiyejua ukubwa wa kazi hupandisha bei ili ajikinge, au huilipua kazi ili amalize upesi. Malipo ya saa yafaa hasa pale ambapo kazi haiwezi kupimwa mapema, mathalani kutengeneza programu kongwe iliyoharibika.

Ila saa za wahandisi hazilingani. Kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2014 na kuingia Kigali mwaka 2018, ilijulikana kwa kuyapatia makampuni ya ng'ambo wahandisi wa Kiafrika. Septemba 2019 iliwaachisha kazi wahandisi wachanga wapatao 250 katika Nigeria na Uganda, kwa kuwa wateja walitaka wenye uzoefu. Saa moja ya mzoefu yaweza kumaliza kazi ya siku nzima ya mwanagenzi. Hivyo bei ndogo yaweza kuwa ghali.

Wala wingi wa watu si dawa. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huzidi kuichelewesha, maana wageni hufundishwa na wale wale waliokwisha kuelemewa.

Askari hashiki lindo bila amri za lindo. Vivyo hivyo, kabla ya saa ya kwanza kuhesabiwa, lengo liandikwe. Pawepo kikomo cha saa, kisivukwe bila idhini. Mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kubadili maagizo. Kila wiki programu ionyeshwe ikifanya kazi, isiwe ya kusimuliwa. Na nywila zote ziwe mikononi mwa ushirika tangu siku ya kwanza.

Akiba ya askari ni jasho la miaka mingi. Anayeitoa na akague mfereji wake kabla ya mvua.