Taa ya Poti Isipowaka (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi swichi inavyogawa mawasiliano ofisini. Leo tunaingia kwenye kero ambayo mafundi wa mtandao wa Chake Chake, Wete na Mkoani wanaijua: kebo imechomekwa pande zote mbili, umeme upo, lakini taa ya poti haiwaki.

Wengi hukimbilia kubadilisha swichi. Aliye karibu na maduka ya Kariakoo huenda asipoteze mengi. Pemba swichi nyingine mara nyingi hungojewa ije na meli, na ikishafungwa hitilafu hukutwa palepale, kwa kuwa swichi ya kwanza haikuwa na kosa. Kwa hiyo nasisitiza kwamba kisiwani kwetu kupima kutangulie kununua.

Kabla faili lolote halijapita, vifaa viwili husalimiana. Kwenye kebo ya shaba, poti iliyo kimya hutuma mapigo madogo ya umeme kila baada ya milisekunde 16 hivi, na tangu kanuni za 1995 mapigo hayo hubeba pia habari za kasi ambazo kifaa kinaziweza. Taa isipowaka, kuna upande haumsikii mwenzake. Kazi ya fundi ni kujua salamu imekatikia wapi.

Anza na kisichogharimu kitu: ingia kwenye mipangilio ya swichi. Poti inaweza kuwa imefungwa kwa amri, au swichi yenyewe imeifunga baada ya kugundua mzunguko kwenye mtandao, na kwa nje huenda usione alama yoyote ya kosa. Kisha chukua kebo fupi uliyokwisha kuijaribu, uunganishe poti hiyo na kompyuta iliyo karibu. Ikiwaka, poti ni nzima na ubovu uko njiani. Ikigoma, hamia poti nyingine kwa kebo ileile. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili pamoja, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

Njiani, mimi hushuku kutu kwanza. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika hushambulia pini za plagi pale dhahabu yake inapokwanguka. Gigabiti kwenye shaba inahitaji jozi zote nne za nyaya, ilhali megabiti 100 hutumia mbili tu, pini za 1, 2, 3 na 6. Ndiyo maana kebo iliyofanya kazi miaka mingi skulini au zahanatini huweza kugoma siku inapofungwa swichi mpya: waya wa pini ya 7 ulikatika zamani, ila hakuna aliyeuhitaji. Shusha kasi ya pande zote mbili hadi megabiti 100. Taa ikiwaka, bana plagi upya kabla ya kulaumu kitu kingine. Kumbuka pia kwamba mita 100 ndio mwisho wa kebo ya shaba, na kwamba baina ya jengo na jengo shaba huleta radi hadi ndani ya swichi. Hapo tandika faiba.

Faiba ina makosa yake. Mara nyingi uzi wa kupeleka umekabiliana na wa kupeleka. Geuza upande mmoja tu. Moduli ya mwanga wa nanomita 850 haielewani na ya 1310. Kiini cha faiba ya masafa marefu kina mikroni 9 hivi, basi chembe ya vumbi inatosha kuziba njia. Safisha ncha kila unapoichomeka. Usichungulie ndani kamwe, kwa kuwa mwanga huo hauonekani na huweza kuunguza jicho. Kamera ya simu nayo haiaminiki, maana mwanga wa 1310 kwa kawaida haiuoni kabisa. Tumia kipima mwanga.

Na kama taa inawaka upande mmoja pekee, usiguse uzi ulio mzima. Upande uliozimika ndio usiopokea. Fuata uzi unaoingia kwake, ukianzia kwenye moduli inayoutumia kupeleka.